Kifua cha Mama Mkwe

Maneno manne hapo juu, nikiyatamka kwa sauti nyumbani kwangu, mke wangu ataacha mwiko kwenye sufuria aje kuniuliza kama nina akili timamu. Sisi Wangoni wa zamani tulifundishwa kwamba mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Mwanaume hali meza moja na mama wa mkewe, hamkazii macho, hamtanii, na habari za viungo vya mwili wake hazimhusu. Kwa mkwewe, mama huyo hana bega, hana mgongo na, Mungu apishe mbali, hana kifua. Ana khanga na sauti, basi.

Vijana wa siku hizi wameyaacha hayo. Wanapiga picha na mama wakwe wao wameshikana mabega, wanaziweka kwenye simu. Mama mkwe wangu hajaacha kitu. Alipofiwa na mumewe tukamtoa kijijini, upande wa Peramiho, tukamleta kwetu Mshangano, mjini Songea, alikubali kwa sharti moja: hatalala chini ya bati moja na mimi. Nikamjengea chumba cha uani, chenye mlango wake na dirisha linalotazama jiko la nje. Ndimo anamoishi na rozari yake, redio yake na paka.

Paka huyo ndiye mkalimani wetu. Mke wangu akiwepo, maneno hupitia kwake. Asipokuwepo, hupitia kwa paka.

"Paka," mama atasema, uso ameuelekeza ukutani, "mwambie baba yako chai iko mezani."

Nami nitamjibu paka: "Mwambie mama nimeshukuru."

Paka hajafikisha ujumbe hata mmoja tangu azaliwe, lakini mazungumzo yetu huenda vizuri kuliko vikao vya walimu shuleni kwangu. Na msidhani ni mazungumzo ya adabu tupu. Bomba la uani lilipovuja wiki nzima bila mimi kulishughulikia, nilimsikia akimwuliza paka: "Hivi nyumba hii ina mwanaume, au ina suruali tu kwenye kamba?" Nilimjibu paka kwa ukali. Paka akajilamba mguu, na jioni nikaenda kununua vifaa vya bomba.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, na nina hasira za karibu, hasa mtu akichezea maneno. Kila mwaka nafundisha maneno yenye maana zaidi ya moja. Walimu wengine hutumia kaa na paa; mimi hupenda kifua. Kifua ni sehemu ya mwili. Kifua ni ugonjwa wa kukohoa: mtu akisema "nina kifua" hajisifu, anaomba dawa. Na mtu anayejua kutunza siri, tunasema ana kifua. Wanafunzi hucheka wakifika kwenye maana ya nne, ile ya akina mama, ambayo siiandiki ubaoni. Nimelifundisha neno hilo miaka mingi na nilidhani limekwisha kunionyesha yote.

Basi ikaja Julai, na baridi ya Songea mnaijua. Asubuhi ukitoka nje unaongea moshi. Mafua yakaingia mtaani, yakapita nyumba kwa nyumba bila kubagua Mkristo wala Mwislamu, na mimi sikuachwa. Pua ikawa bomba lililovuja. Nikapiga chafya mpaka jirani wa upande wa pili akachoka kuniambia "afya". Koo likawasha, homa ikapanda, mifupa ikauma hadi ile nisiyoijua jina. Mke wangu anadai niligawa mali yangu kitandani. Si kweli, niliulizia tu nani atachukua baiskeli. Nikapiga nyungu, nikajifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mikaratusi, nikatoka jasho, na taratibu nikapona.

Nilipoanza kupona, mama akaanza kuchoka.

"Umemwambukiza mama," mke wangu alisema, kwa sauti ya hakimu. Sikubisha. Mafua yalikuwa yangu, yakaenda kwake. Hesabu ilikuwa rahisi. Kesho yake zikaja habari za msiba Mbinga, shangazi yake amefariki. Akafunga mzigo akaondoka, akaniacha na mama yake, paka, na maagizo kwa jirani yetu.

Jirani huyo ni mama muuza vitumbua, na ndiye daktari wa mtaa wetu kwa kujiteua. Ana dawa ya kila kitu na dawa zote ni majani. Ana sauti ya kuita mtu aliyeko Msamala bila kutumia simu. Aliahidi kuja kumwangalia mama asubuhi na jioni, na alikuja kweli, tena na vitumbua. Simsemi vibaya.

Siku zile chache, habari za ugonjwa nilizipata kwa njia ya kawaida.

"Paka, mwambie baba yako hayo mafua yake yamenifikia."

"Mwambie mama pole sana."

Kisha uji ukarudi jikoni bila kuguswa. "Paka, moyo unanichafuka. Watakuwa wale dagaa." Nikakubali, wale dagaa hata mimi niliwatilia shaka. Kesho yake nikamwona, kwa mbali kama inavyompasa mkwe, akitoka bombani na kindoo kidogo. Alisimama katikati ya uwanja. Akakaa juu ya jiwe la kufulia, akatulia muda, akainuka, akaenda. "Mafua haya yana miguu mizito," alimwambia paka. Jioni alikuwa akijikanda bega la kushoto. Hilo lilitokana na kupukuchua mahindi. Na alikuwa akijifuta jasho usoni wakati mimi nimevaa koti na kofia ya sufu. Hilo nikalipachika kwenye homa. Kila dalili ilikuwa na maelezo yake, na kila maelezo yalitosha. Mke wangu akipiga simu kuuliza, najibu kwa amani: "Mafua tu."

Kumbe mama naye alikuwa na lake. Kitu kilichomsumbua kilikuwa mahali asipoweza kupataja mbele ya mkwewe, hata kwa kupitia paka. Hivyo alikiita mafua. Mafua ni ugonjwa wenye heshima zake. Unaweza kuutaja mbele ya mtu yeyote.

Jumamosi asubuhi jirani alifika na mzigo wa majani. Mikaratusi, mchaichai, na mengine ambayo hakutaka kuyataja. Leo, alitangaza, mama anapiga nyungu apende asipende. Akabandika sufuria kubwa kwenye jiko la nje, akakunja blanketi zito mkononi, akasimama kusubiri maji yachemke. Mimi nilikuwa pale pale kwenye kigoda, chini ya dirisha la mama, natoa vichwa vya dagaa.

Ndipo nikasikia sauti ndani. Ndogo, ya mtu asiyejua kuwa anasikika.

"Toka, paka. Toka bwana. Umenikalia kifuani, sipumui."

Jambo la kwanza nililohisi ni aibu. Mama mkwe wangu alikuwa amelitaja lile neno, nami nimelisikia kwa masikio yangu. Nikafanya kama mtu mwenye adabu afanyavyo: nikainamisha macho chini.

Na pale chini, kati ya miguu yangu, paka alikuwa anakula vichwa vya dagaa.

Nilimtazama. Naye akanitazama, mdomo umejaa. Tuna paka mmoja tu.

Niliinuka dagaa wakamwagika wote, na paka akaona sikukuu imekuja mapema. Nikaenda hadi mlango ambao nilikuwa nimeujenga mwenyewe na sijawahi kuuvuka tangu siku nilipomaliza kuupaka rangi.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

Sikuwa nimewahi kumsemesha bila mtu katikati, na sote wawili tulilijua hilo. Sikuwa na la kusema ila lile lililonileta.

"Mama, paka yuko huku nje."

Kisha akauliza polepole, kama anayetaka kujua kweli:

"Basi nani amenikalia?"

Niliingia. Jirani akanifuata na blanketi lake, akifoka kwamba mwanaume anatafuta nini humu na maji yameshachemka. Mama alikuwa ameketi kitandani ameegemea ukuta. Aliponiona alijivuta khanga usoni.

"Mama, pua inatiririka?" niliuliza.

Akageukia ukuta, akatafuta wa kumjibu. Bahati njema paka alikuwa ameingia nyuma yetu, dagaa mmoja mdomoni.

"Paka, mwambie haitiririki."

"Chafya?"

"Mwambie hakuna."

"Koo linawasha? Unakohoa?"

"Mwambie hapana."

Jirani akamwekea kiganja kwenye paji la uso apate kunithibitishia homa. Akakiondoa haraka, akakitazama. "Wa baridi," alisema. "Wa baridi, na amelowa."

Mafua yangu mimi yalikuwa ya moto. Nilianza kuogopa.

"Wapi pengine panauma, mama?"

"Paka, mwambie bega. Na taya, upande huu. Jino hilo."

"Jino lipi?" jirani aliropoka. "Mama, upande huo huna jino hata moja!"

Siku nyingine tungecheka mpaka kesho. Nikasema twende hospitali sasa hivi. Mama akakataa. Mafua hayapelekwi hospitali, alisema, watamcheka. Apige nyungu yake apumzike. Jirani akaunga mkono, maana majani yake yalikuwa yanaiva. Hapo hasira zangu zikanipanda na, Mungu anisamehe, nilimfokea mama mkwe wangu.

"Mafua gani haya yasiyo na pua?"

Akashusha khanga. Akanitazama usoni. Ana macho ya mke wangu. Nimeishi naye uani miaka yote hiyo na siku hiyo ndipo nilipoyajua. Akanyoosha mguu akatafuta ndala zake.

Sikumruhusu kutembea hata hadi barabarani. Bajaji iliingia mpaka uani, ikakanyaga mboga za mke wangu. Mama na jirani wakakaa nyuma, mimi nikajibana mbele na dereva, nikimwambia akwepe mashimo na aende mbio, mambo mawili ambayo barabara yetu haijawahi kuyaruhusu kwa pamoja. Jirani alikuwa bado ameshika blanketi la nyungu. Akamfunika nalo miguu.

Mapokezi, muuguzi aliniuliza, "Bibi anaumwa nini?"

"Kifua," nilisema.

"Anakohoa tangu lini?" Akaninyooshea benchi. Ilikuwa Julai, benchi lilikuwa na watu wenye kifua kutoka pembe zote za wilaya, wamevaa barakoa, wanakohoa kwa zamu kama wanakwaya.

Hapo ndipo somo langu liliponirudia na fimbo mkononi.

"Si kifua cha kukohoa!" nilipiga kelele. "Hakohoi! Ni kifua chenyewe, hiki!" Nikajipiga changu mbele ya watu. Benchi zima likanyamaza kukohoa.

Muuguzi hakukasirika. Aliinama karibu na mama. "Shikamoo, bibi. Hebu niambie mwenyewe, unajisikiaje?"

"Marahaba, mwanangu. Mafua tu."

Nikamwona akijifunika vizuri, amenyooka, amefunga mdomo. Ana kifua mama yule, kwa maana ya tatu. Angeweza kufa na siri yake pale pale mbele ya watu wenye dawa, kwa sababu mkwewe amesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikaanza kurudi nyuma nimpishe aseme, na ndipo nikamwona anaangaza macho sakafuni, kushoto, kisha kulia, chini ya kiti. Nilijua anachokitafuta.

"Mama," nilisema, "paka tumemwacha nyumbani."

Mabega yake yakatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kwa shida, pumzi ikimkata. Na kicheko kilipokwisha hakumtazama muuguzi, alinitazama mimi.

"Kifua, baba," alisema. "Kinabanwa. Tangu Jumatano kinabana kinaachia. Nikitembea kinabana, nikikaa kinaachia. Leo nimekaa, na hakijaachia."

Benchi hatukulikalia. Kiti cha magurudumu kilitoka sijui wapi, akaingizwa ndani. Nilipotaka kufuata wakanizuia: wanampima umeme wa moyo, wanabandika vitu kifuani. Nilirudi nyuma haraka mpaka nikamkanyaga jirani.

Tulingoja kwenye ukuta wa nje, juani. Sikuwahi kumwona jirani akikaa kimya muda mrefu namna ile. Mke wangu akapiga simu kutoka Mbinga, nyuma yake nasikia watu wanaimba nyimbo za msiba. "Mama anaendeleaje na mafua?" Nilimwambia. Akaanza kulia, na mimi nilikuwa naogopa kuliko yeye. Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa bado chuoni. Tangu hapo nimebaki na mtu mmoja tu wa kumwita mama, na huyo haruhusiwi kunitazama. Nilikaa pale nikafikiria kwamba nisingesikia tena sauti ikimwuliza paka kama nyumba hii ina mwanaume. Ilinichoma vibaya, sitaki kusema uongo.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Ni moyo, alisema. Mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye moyo umebanwa. Wameshaanza dawa, watamlaza, na tumemleta mapema kuliko wengi. Nikamwuliza ningejuaje, maana mtaa mzima una mafua. Alisema mafua kwa kawaida hujitangaza: pua, chafya, koo, joto. Uchovu usio na pua, jasho la baridi, kichefuchefu, maumivu yanayotembea begani na kwenye taya, kubanwa kunakozidi mtu akitembea, hivyo ni vya kukimbizwa hospitali. "Lakini mwalimu," aliongeza, "usirudi nyumbani ukawa mpiga ramli. Kwa macho hata mimi sikumtofautisha. Nilipima."

"Na nyungu?" jirani aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo.

"Moyo uliochoka, ukiufungia kwenye blanketi na mvuke, unauongezea kazi."

Jirani alilitazama blanketi lake, akalikunja, akaliweka chini ya mkono. Siku hizi mtu mtaani akilalamika uchovu, swali lake la kwanza ni: "Una pua?" Wageni hushangaa sana.

Mama alirudi nyumbani na mfuko wa dawa na amri ya kutobeba ndoo. Mke wangu alimpokea kwa machozi na kwa orodha ya mashtaka dhidi yangu, kuanzia mboga zilizokanyagwa. Nami nilidhani, kwa kuwa tumeshatazamana na kusemezana mbele ya hospitali nzima, sasa mambo yamebadilika. Asubuhi ya kwanza nikatoka uani kifua mbele, nikamwamkia, "Shikamoo, mama!"

Aligeukia ukuta. "Paka, mwambie baba yako marahaba. Na mwambie chai inapoa."

Paka akarudi kazini. Chai, bomba, mahindi, mambo ya siasa, yote yanapita kwake kama zamani. Ila kuna jambo moja ambalo mama hamwachii tena. Kila asubuhi, kabla sijaenda shule, hufungua mlango wake, hushusha khanga, hunitazama usoni, na kusema:

"Kifua kizima, baba."

Nami husema, "Asante, mama." Anarudi ndani. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote ya ana kwa ana, na sijawahi kumweleza mtu jinsi ninavyoyasubiri.

Juzi niliwahi kutoka. Kulikuwa na mitihani. Mlango wa uani ulikuwa bado umefungwa nami nilikuwa na haraka, nikaondoka bila kusikia habari za kifua. Nikiwa mbele ya darasa, chaki mkononi, simu ikaita. Ilikuwa namba ya mama. Mama mkwe wangu hajawahi kunipigia simu maishani mwake. Chaki ilianguka. Nilipokea mbele ya wanafunzi wangu wote, nikasema, "Mama?"

"Umetoka bila kuambiwa," alisema kwa hasira. "Kizima."

Akakata.